Wino, Tope na Mashapo: Historia ya Mchanganyiko Unaotuama na Suala la Jina Lake

Mwanafunzi anayeanza somo la Kemia hufundishwa mapema kwamba vitu vikitiwa majini havifanyi jambo moja. Chumvi hupotea, maji hubaki maangavu, na hata yakiachwa mwezi mzima hayatajitenga na chumvi yake. Udongo haupotei, maji huchafuka, na yakiachwa yatulie udongo hushuka ukawa mashapo. Mchanganyiko wa kwanza umeshapata majina katika Kiswahili, na wataalamu hugombania tu lipi ni bora kati ya myeyusho na mmumunyo. Mchanganyiko wa pili haukubahatika hivyo. Walimu wengi huutaja kwa neno la Kiingereza, na wachache wanaojaribu kulifanya la Kiswahili huliandika suspensheni, kisha hulazimika kulieleza kwa sentensi nzima kila wanapolitumia.

Makala haya hayakusudii kuongeza istilahi moja katika orodha ambayo tayari ni ndefu. Yanakusudia kufuatilia jinsi binadamu walivyoutumia mchanganyiko huu kwa maelfu ya miaka kabla ya kuuelewa, na jinsi ulivyokuja kueleweka katika muda usiozidi karne moja, baina ya 1827 na 1913. Naamini kwamba suala la jina haliwezi kuamuliwa na mtu asiyeijua historia ya kitu chenyewe. Kamati zetu za istilahi aghalabu huanza na neno la Kiingereza, zikatazama asili yake ya Kilatini, zikatafuta kitenzi cha Kibantu kinachofanana nalo. Kwa njia hiyo suspensheni huishia kuwa kitu kinachoning'inia, ilhali hakuna Mswahili aliyewahi kuona tope likining'inia katika mtungi.

Wino wa masizi

Mfano ulio bora kuliko yote si tope bali wino, na wasomaji wa jarida hili ndio wanaouhitaji zaidi. Mafunjo yenye maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana ni yale yaliyogunduliwa mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, katika pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu. Ni ya zama za Farao Khufu, yapata miaka 2500 na zaidi kabla ya Kristo, nayo yameandikwa kwa wino mweusi na mwekundu. Wino mweusi wa Misri ulikuwa masizi, mwekundu ulikuwa udongo wenye kutu ya chuma. Hakuna hata mmoja kati ya hizo mbili unaoyeyuka katika maji. Maandishi hayo ya kale ya bara letu, basi, ni mashapo yaliyokauka juu ya mafunjo.

Masizi makavu hayakubali maji kwa urahisi. Mtu akiyatia katika kikombe na kukoroga, mengi yataelea juu, mengine yatashikamana yakawa madonge na kuzama. Ili yawe wino hapana budi kuongezwa kitu cha tatu, nacho ni gundi. Katika nchi za Nailo na Arabuni gundi hiyo ilitoka katika mgunga, hasa aina ambayo wanabotania waliiita Acacia senegal, na ambayo Sudan bado ndiyo nchi inayoiuza kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Wachina walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Walichanganya masizi nayo, wakayakausha yakawa vipande, na mwandishi alikisugua kipande chake juu ya jiwe lenye maji kila alipotaka kuandika. Njia ni mbili, lakini maarifa ni mamoja: gundi huifunika kila chembe ya sizi kama koti, na makoti hayo huzizuia chembe zisikaribiane hadi kushikamana. Chembe isiyoshikamana na wenzake hubaki ndogo, na iliyo ndogo hukawia kuzama. Waandishi walilijua jambo hili kwa mikono yao. Sababu yake ilisubiri karne ya ishirini.

Waarabu wa kale walitofautisha wino wa namna mbili. Midad ulikuwa wino wa masizi. Hibr ulikuwa wino uliotengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni na salfati ya chuma. Majina hayo baadaye yalichanganyika, hata kila moja likaweza kutumiwa kwa wino wowote. Kikemia tofauti yao ni kubwa. Wino wa masizi ni mchanganyiko wa chembe tangu siku unapotengenezwa hadi siku karatasi itakapooza. Wino wa chuma huanza ukiwa myeyusho, hupenya ndani ya karatasi, kisha hewa huubadilisha ukawa kitu cheusi kisichoyeyuka, kilichokwama katika nyuzi za karatasi. Wa kwanza hukaa juu ya karatasi na hauidhuru, lakini maji huweza kuuondoa. Wa pili hauondoki kwa maji, ila una asidi, na baada ya miaka mingi huila karatasi mpaka herufi zikawa matundu.

Tofauti hii si ya maabara tu. Mwana Kupona, alipoutunga utendi wake mwaka 1858, alimwagiza binti yake mwanzoni kabisa achukue wino na karatasi, na washairi wengi wa tenzi wameifuata desturi hiyo ya kuagiza vyombo vya kuandikia kabla ya kuanza maneno. Sisi tunaosoma kazi zao tumechunguza mizani, vina, lahaja na tarehe. Ni wachache kati yetu waliouliza wino ule ulikuwa wa namna gani. Hali katika pwani yetu ya unyevunyevu, ambako miswada mingi imehifadhiwa katika makasha ya nyumbani huko Lamu, Pate, Siyu na Mombasa, swali hilo ndilo linaloamua mswada utaokolewaje. Mswada wa masizi uliolowa mvua usiguswe wala kupanguswa, kwa kuwa gundi imelainika na chembe ziko tayari kuhama. Mswada wa wino wa chuma huweza kuonekana mzima kabisa, nao unaoza kutoka ndani. Mtu mwenye nia njema na kitambaa chenye maji anaweza kuufuta ukurasa wa kwanza katika dakika moja.

Kwamba masizi hufutika si kasoro machoni pa kila mtu. Katika vyuo vya Kurani sehemu nyingi za Afrika ya Kiislamu, mtoto aliandika somo lake juu ya ubao kwa wino wa masizi, akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa tayari kwa somo la pili. Wino wa chuma usingefaa hata kidogo kwa kazi hiyo. Na katika kombe, dawa inayojulikana sana pwani, aya huandikwa katika sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Hapa kuna jambo la kupendeza. Rangi ya zafarani huyeyuka katika maji. Kombe ni myeyusho. Maandishi ya ubaoni yalichukuliwa na maji bila kuyeyuka, na mtu angeyaacha maji yale katika ndoo, baada ya siku kadhaa angeanza kuona weusi ukijikusanya chini. Sidai kwamba waalimu wa zamani walichagua zafarani kwa sababu ya kemia yake. Ila mikononi mwao tofauti tunayohangaika kuipa jina ilikuwa kazi ya kila siku.

Maji ya mto

Mto uliojaa tope ni tatizo la kale kuliko wino. Maji ya mvua kubwa hayawezi kunywewa yalivyo, na kuyasubiri yatuame si jambo dogo, maana si kila chembe hushuka kwa mwendo mmoja. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alichapisha hesabu za nguvu inayozuia tufe lisipite kwa urahisi katika kiowevu. Alikuwa akishughulikia mwendo wa timazi za saa wala si maji ya mto, lakini kutokana na hesabu zake tunajua kwamba mwendo wa chembe inayozama hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita hushuka sentimita 10 katika sekunde kumi na kitu. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye kipenyo cha mikromita 2, yaani mara 50 ndogo zaidi, huchukua takriban saa 8 kwa safari hiyo hiyo. Iliyo ndogo mara kumi tena ingehitaji zaidi ya mwezi, endapo ingeshuka bila kusumbuliwa. Na tutaona kwamba husumbuliwa.

Watu hawakungoja mwezi. Katika vijiji vya Sudan kandokando ya Nailo, wanawake walisaga mbegu za mti ambao Kiarabu cha huko huuita mti wa kusafishia, wakazikoroga katika mitungi ya maji ya mafuriko, na tope likajikusanya na kuzama. Mti huo ndio mlonge, au mzunze kama wengine wasemavyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliichunguza desturi hiyo kwa makini, na utafiti wake uliwafanya wataalamu wa maji wa nchi nyingi kuipa mbegu hiyo heshima yake. Mahali pengine ilitumiwa shabu, ile ile ambayo vinyozi huisugua penye mkato. Kipande kidogo cha shabu kikizungushwa katika ndoo ya maji ya tope, baada ya muda mfupi mawingu madogo huonekana yakijikusanya ndani ya maji, kisha hushuka.

Kwa nini? Chembe za udongo zina umeme hasi juu yake, na vitu vyenye umeme wa aina moja husukumana. Umeme huo hufanya kazi ile ile iliyofanywa na gundi katika wino: huzizuia chembe zisishikane. Hans Schulze mwaka 1882, na baada yake William Bate Hardy mwaka 1900, walionyesha kwamba ioni zenye umeme chanya huuvunja ulinzi huo, na kwamba nguvu zao hazilingani. Ioni ya aluminiamu, iliyo katika shabu, ina chaji tatu, na huzidi ile ya chumvi ya kawaida, yenye chaji moja, si mara tatu bali mamia ya mara. Protini ya mbegu za mlonge nayo ina umeme chanya. Mama wa Sudan na kinyozi wa Mombasa walikuwa na kemia moja.

Chumvi ya kawaida, ingawa ni dhaifu, hufaulu inapokuwa nyingi, na hakuna mahali ilipo nyingi kama baharini. Mto Sabaki, ambao huitwa Athi huko juu na Galana katikati, huingia baharini kaskazini ya Malindi ukiwa mwekundu wakati wa masika. Chembe zilizosafiri kutoka nyanda za juu bila kushikana hukutana na maji ya chumvi, hushikana, na huanza kutuama juu ya kila kilichopo. Hifadhi ya baharini ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kusini tu ya mlango wa mto huo, na matumbawe hayapendi kufunikwa. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbawe moja la huko lililokuwa limekua kwa takriban miaka 300. Tumbawe hujenga mfupa wake tabaka baada ya tabaka, kama mti, na tope la mto huacha alama ya bariamu katika tabaka hizo. Kwa karne mbili za mwanzo alama hiyo ilikuwa ndogo. Ilianza kupanda katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, wakati ardhi za bara zilipoanza kulimwa na kulishwa kwa namna mpya chini ya ukoloni.

Mwanahistoria wa kawaida hutafuta habari za mmomonyoko wa udongo wa Ukambani katika ripoti za maafisa wa kilimo, waliowalaumu wakulima wenyewe. Tumbawe halikuandikiwa na afisa yeyote. Sitaki kulifanya liseme zaidi ya linavyosema. Halituambii ni shamba la nani lililochukuliwa na maji, wala sheria gani iliyowasonga watu pamoja na mifugo yao katika eneo dogo. Lakini tarehe linatupa, na tarehe hiyo haiwasaidii wale waliodai kwamba ardhi hiyo iliharibiwa na desturi za tangu jadi.

Chembe zisizotulia

Nimesema kwamba chembe ndogo sana husumbuliwa. Jambo hili liligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Mwaka 1827 Robert Brown, mwanabotania wa Scotland, alikuwa akitazama kwa hadubini chembe zilizomo ndani ya chavua ya ua moja la Amerika. Aliziona zikitetemeka na kuhamahama ndani ya maji bila kukoma. Fikira ya kwanza ilikuwa kwamba zina uhai. Brown alikuwa mtafiti mwaminifu, kwa hiyo alijaribu chavua iliyokauka kwa miaka mingi, kisha vitu ambavyo havikuwahi kuwa hai: kioo, metali, mawe ya kila aina yaliyosagwa. Miongoni mwa mawe hayo alisaga kipande cha Sphinx ya Misri. Kilicheza kama chavua. Aliyachunguza pia masizi yaliyotanda kila mahali katika London, akaona kwamba yamejaa chembe za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo wino wa kila mwandishi tangu zama za Khufu ulikuwa ukicheza ndani ya kidau chake, na hakuna aliyejua.

Kwa miaka mingi habari hii ilibaki kama ajabu la hadubini. Wakati huo huo wanakemia walikuwa wakikaribia jambo lile kwa mlango mwingine. Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza maji yenye rangi nyekundu ya kupendeza kutokana na dhahabu. Yalikuwa maangavu kama divai, na mtu yeyote angeapa kwamba ni myeyusho. Faraday aliyapitishia mwali wa nuru na kuona njia ya mwali iking'aa ndani yake, akakata shauri kwamba dhahabu ile haikuyeyuka bali imegawanyika vipande vidogo kupita kiasi. Alipotia chumvi rangi iligeuka kuwa buluu na dhahabu ikaanza kutuama. Alipotia kwanza kitu cha ulimbo kama jeli, chumvi haikufua dafu. Tope la Sabaki na gundi ya mgunga vilikuwa pamoja juu ya meza moja katika London, ijapokuwa yeye hakuvitaja. Baadhi ya chupa zake zingali zimehifadhiwa katika Royal Institution.

Miaka minne baadaye, mwaka 1861, Thomas Graham, mzaliwa wa Glasgow, alitoa jina. Aliona kwamba sukari na chumvi hupenya katika utando ambao gundi, wanga na ute wa yai haviwezi kuupenya. Vya kundi la pili aliviita koloidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Wasomaji wanaohusika na istilahi watazame hapa. Graham hakutafuta neno lenye kueleza asili ya kitu, ambayo hakuijua. Alichukua kitu kinachojulikana na kila mtu, gundi, akalifanya jina lake kuwa jina la kundi zima. Alikosea kuwaza kwamba kuna vitu ambavyo kwa asili ni koloidi na vingine ambavyo si koloidi kamwe. Leo tunajua kwamba karibu kitu chochote huweza kuwa koloidi kikisagwa kiasi cha kutosha. Jina likadumu na kosa likasahauliwa.

Tangu hapo michanganyiko imegawanywa kwa ukubwa wa chembe. Vitabu vya shule husema kwamba chini ya nanomita 1 ni myeyusho, kati ya nanomita 1 na 1000 ni koloidi, na zaidi ya hapo ni suspensheni. Mipaka hii ni ya kibinadamu, maji hayaijui. Wino wa masizi wenyewe huvuka mpaka, kwa kuwa chembe zake zilizo peke yake ni za makumi ya nanomita tu, na madonge yake hufikia ukubwa wa kuitwa suspensheni bila ubishi. Tofauti iliyo ya kweli zaidi ni ya nguvu mbili zinazoshindana: uvutano wa dunia unaovuta chembe chini, na mtikisiko alioushuhudia Brown unaozitawanya. Chembe kubwa hushindwa na uvutano na kutuama. Iliyo ndogo hutikiswa kabla haijafika chini.

Mtikisiko huo ulielezwa kwa hesabu na Albert Einstein mwaka 1905: molekuli za maji, zisizoonekana, huigonga chembe kutoka pande zote, na mapigo hayo hayalingani kila wakati. Kilichobaki ni kuthibitisha, na hapo ndipo mchanganyiko unaotuama ulipotoka jikoni na kuingia katika historia kuu ya sayansi. Jean Perrin, akifanya kazi Paris, alichukua utomvu wa manjano wa miti fulani ya jamii ya Garcinia ya kusini-mashariki ya Asia, ambao wachoraji waliutumia kama rangi ya maji. Aliusaga katika maji, na kwa uvumilivu wa ajabu akazitenga chembe zenye ukubwa mmoja. Kuanzia mwaka 1908 alizihesabu kwa hadubini katika vina mbalimbali vya tone moja. Chembe hazikuwa zimetuama zote, wala hazikuwa zimetapakaa sawasawa. Kwa chembe zenye nusu-kipenyo cha takriban mikromita 0.21, kila alipopanda mikromita 30 idadi ilipungua karibu kwa nusu, kama vile hewa inavyopungua kwa nusu mtu apandapo kilomita 5 na zaidi juu ya bahari. Tone la rangi ya mchoraji lilikuwa na angahewa yake.

Kutokana na hesabu hizo Perrin alikadiria idadi ya molekuli katika kipimo maalumu cha kitu chochote, na idadi hiyo ililingana na zile zilizopatikana kwa njia nyingine kabisa. Kabla ya hapo, Wilhelm Ostwald, mmoja wa wanakemia wakubwa wa Ujerumani, alikuwa akikataa kwamba atomi zipo kwa hakika. Mwaka 1909 alikiri hadharani kwamba amesadiki. Perrin alichapisha kitabu chake juu ya atomi mwaka 1913 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1926. Ushahidi uliomaliza ubishi juu ya atomi, ubishi wa tangu Wagiriki, ulikuwa rangi iliyokataa kutuama.

Jina

Sasa nirudi kwenye neno. Katika historia yote hii, jambo linalojitokeza ni kwamba mchanganyiko huu haujulikani kwa sura bali kwa mwenendo wake katika wakati. Dhahabu ya Faraday ilikuwa na sura ya myeyusho. Wino una sura ya myeyusho. Swali la kuuliza daima ni: ukiachwa, utafanya nini? Na ukitikiswa?

Kiswahili kina hazina ya maneno kwa maswali haya, kwa sababu jiko la Kiswahili ni jiko la kukoroga, kuchuja na kusubiri. Maji hutuama, na mtu huyatuamisha; kilichobaki chini ni mashapo. Nazi ikikunwa na kukamuliwa katika kifumbu, hutoka tui, na lile la kwanza lililo zito ni kasimile. Kilichobaki ni machicha. Mbegu zikikamuliwa mafuta hubaki mashudu. Tazama jinsi lugha ilivyo makini: machicha na mashudu ni mabaki ya kukamua, mashapo ni mabaki ya kutulia, na hakuna mpishi anayeyachanganya. Tui lenyewe si suspensheni bali ni mafuta yaliyotawanyika katika maji, jambo ambalo kemia huliita kwa jina jingine. Wala sishauri tulitumie neno hilo hapa, ingawa nimewahi kusikia likipendekezwa. Kisha kuna tibua. Mtu huyatibua maji anapoingia mtoni na kuliamsha tope lililokuwa limelala. Tibua haimaanishi kuchanganya tu. Humaanisha kukirudisha juu kitu kilichokwisha kushuka.

Kwa maoni yangu kitenzi hiki kinabeba ndani yake kila kilicho muhimu: kwamba mchanganyiko ni wa muda, kwamba umetokana na kutikiswa, na kwamba utarudi ulikotoka. Napendekeza basi mtibuko kwa suspensheni, na mtuamo kwa tendo la chembe kushuka. Koloidi libaki koloidi. Limekwisha kuenea, na hadithi ya gundi ya Graham inastahili kukumbukwa.

Najua yatakayosemwa dhidi ya neno hili. La kwanza ni kwamba lina uovu ndani yake. Kutibua mambo ni kuyaharibu. Aliyetibua mkutano hakusifiwa. Pingamizi hili lina uzito. Lakini fukuto lina joto na hasira, na mvutano una ugomvi ndani yake, hata hivyo wanafizikia wamelikubali mvutano bila kugombana. La pili ni kwamba suspensheni ni neno la kimataifa na litamsaidia mwanafunzi avukapo kwenda Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Kenya, anayefundishwa sayansi kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini, daraja hilo analo tayari. Anachokosa ni ukingo wa pili.

Na si mwanafunzi peke yake. Dawa nyingi za viuavijasumu wanazopewa watoto huja zikiwa unga katika chupa, nao hutiwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Dawa hiyo haiyeyuki yote. Chupa ikiachwa juu ya kabati usiku kucha, dawa hutuama, na maji ya juu hubaki na nguvu kidogo. Mzazi asiyeitikisa humpa mtoto dozi hafifu siku za mwanzo, wakati maradhi yana nguvu, na dozi nzito kupita kiasi siku za mwisho. Maelezo yameandikwa katika chupa, aghalabu kwa Kiingereza. Na hata yakiwa kwa Kiswahili, husema tu kwamba itikiswe kabla ya kutumia, kama mtu anayeamrishwa bila kupewa sababu. Amri isiyo na sababu huachwa siku ya tatu, mtoto anapoanza kucheza. Mama yule yule hahitaji kuambiwa aukoroge uji wa mgonjwa kabla ya kuupakua, wala asichote maji ya mtungi baada ya mtu kuyatibua. Kama chupa ingesema kwamba dawa hii hutuama, angeitikisa.